Ukurasa wa Anti Robai

Kwenye mazishi ya Anti Robai nilipewa dakika tatu za kuongea. Aliyekuwa akiongoza programu alinitambulisha kama "yule msichana aliyekaa hapa mwaka mmoja, sasa ni mtu wa kompyuta kule Kitale," akanipa kipaza sauti, nami nikasimama mbele ya hema nikasema mambo mazuri. Nilisema alinipikia. Nilisema alikuwa mwepesi wa kucheka, na watu wakacheka kwa kumkumbuka. Nilisema bila yeye nisingejua kazi ninayoifanya leo. Yote yalikuwa kweli, na bado niliporudi kwenye kiti changu nilijisikia kama mtu aliyetoa ushahidi wa uongo, kwa maana jambo moja nililopaswa kulisema nililiruka. Nimekuwa nikiliruka kwa miaka kumi na moja. Ninaliandika sasa kwa sababu mwenyewe amelala huko karibu na Mabanga, hawezi kulisikia, na kwa sababu siku chache baada ya kumzika niliambiwa neno moja kwa simu ambalo limeniondolea visingizio vyote nilivyokuwa nimebaki navyo.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja nilipotoka Kitale kwenda kuishi kwake Bungoma. Nyumbani palikuwa pamejaa na kwake kulikuwa na chumba, hiyo inatosha. Anti Robai ni dada ya baba yangu, na kazi yake ilikuwa kupika kwenye matanga na harusi. Watu wakiwa mia mbili, watu wakiwa mia tano, aliitwa yeye. Sebule yake ilikuwa nusu sebule, nusu stoo: sufuria kubwa zimepangwa moja ndani ya nyingine mpaka karibu na dari, mwiko mrefu kama jembe umeegemezwa nyuma ya mlango, magunia ya vitunguu aliyoyaleta kutoka soko la Chwele. Harufu ya moshi na vitunguu ilikaa kwenye makochi, kwenye mapazia, kwenye nywele zangu. Tulikula vizuri kuliko watu wengi wa mtaa ule. Siku za kawaida ilikuwa ugali wa wimbi na mboga ya mrenda, na siku aliyotoka kupika harusi alifungua ndoo yenye kifuniko tukala pilau na kuku, akinisimulia nani alilia, nani aligombania nyama, na bibi harusi alikula sahani ngapi akidhani hakuna anayemwona.

Ni katika mlo mmoja kama huo nilipomwambia kuhusu darasa. Mwalimu mmoja wa Kitale, Mwalimu Karanja, alikuwa ameanzisha darasa la wanaoanza, la kutengeneza kurasa za intaneti. Halikuwa na jengo. Kila Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni mnafungua kompyuta kila mtu kwao, mnaonana kwa kioo, mnafundishwa. Anti alisikiliza huku akitafuna polepole.

"Kurasa za nini? Za kitabu?"

"Za intaneti, Anti. Kama mtu ana duka, unamtengenezea ukurasa wenye picha na namba yake. Mtu akitafuta, anampata."

"Kwa hivyo mtu akiwa Nairobi anaweza kuona sufuria yangu?"

"Anaweza."

"Hata akiwa Ulaya?"

"Hata Ulaya."

Akaniongezea mrenda bila kuniuliza. Baada ya wiki kama tatu alirudi kutoka Chwele akiwa nyuma ya bodaboda, amepakata kitu kilichofungwa kwa blanketi ya mtoto. Ilikuwa laptopu. Kuna mwalimu wa huko aliyekuwa amenunua nyingine, akamuuzia hiyo ya zamani. Kitufe cha herufi moja kilikuwa kimeng'oka na betri haikukaa na chaji, lakini ilifanya kazi. Siku iliyofuata alihamisha sufuria zote kutoka pembe moja ya sebule, akazitoa nje chini ya mabati, akanipangia meza na kutandika kile kitambaa cheupe cha kufuma ambacho hukitoa akija mchungaji. Kuanzia hapo, Jumanne na Alhamisi alipikia nje hata mvua ikinyesha, ili moshi usiguse mashine yangu.

Nikikumbuka darasa lenyewe, nakumbuka furaha ambayo sijaipata tena katika kazi hii. Mwalimu Karanja alitufundisha kwamba ukurasa ni maandishi tu yaliyowekewa alama. Alama hii inasema hapa pana kichwa, hii inasema hapa pana aya, hii inaita picha. Ukifungua alama, uifunge, la sivyo kila kinachofuata kinaharibika. Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa mweupe na jina langu katikati, Nekesa, basi. Nikamwita Anti aje aone. Alikuja na unga mikononi, akainama, akaniambia niandike jina lake pia. Nikaliandika kwa herufi kubwa, nikalipa rangi nyekundu, kisha kijani, kisha samawati, nikibadilisha neno moja tu kila mara. Alikuwa akifuatilia kwa kidole bila kugusa kioo.

"Rudisha ire nyekundu," akasema. Alikuwa akibadilisha l na r kama watu wengi wa kwetu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikifanya hivyo, mpaka mwaka ule.

Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili, nyuso kumi na mbili kwenye visanduku vidogo. Wengi walikuwa wa Kitale mjini na viunga vyake, na niliyempenda kuliko wote alikuwa Wairimu, ambaye mama yake alikuwa na duka kubwa la mbegu na dawa za mimea. Nyuma yake kulikuwa na kabati la vitabu na pazia la vitambaa viwili, kizito na chepesi. Alikuwa mchangamfu, akinisaidia kwa ujumbe nikikwama, na hakuwahi kunionyesha dharau hata siku moja. Dharau niliitengeneza mwenyewe. Nilianza kuisogeza laptopu ili kamera isione magunia. Nilianza kuongea polepole, nikiipima kila l na kila r kabla haijatoka. Mtu aliponiuliza naishi wapi, nilisema naishi Bungoma na jamaa zetu, nikaacha neno "jamaa" lipanuke lenyewe kichwani mwao mpaka liwe nyumba ya ghorofa.

Mwezi wa tano Mwalimu alitupa kazi kubwa ya mwisho. Kila mmoja achague mtu anayefanya kazi ya mikono, amtengenezee ukurasa kamili wenye picha, maelezo kwa maneno ya mtu huyo mwenyewe, na namba ya kupigia. Nilimchagua Anti bila kufikiri. Alivaa gauni la kanisani na aproni safi juu yake, akasimama kando ya sufuria kubwa kuliko zote akiwa ameshika mwiko wima kama askari. Nilipiga picha nyingi kwa sababu kila mara alifumba macho. Kisha akaketi, akafikiri, akaniambia niandike: "Mimi ni Robai. Napika. Kama watu wako ni wengi, usiogope. Hakuna mtu alitoka kwa chakula changu na njaa." Nikamwambia ni mazuri sana. Soko lililofuata, Chwele nzima iliambiwa. Alirudi akinieleza jinsi wale wanawake wa vitunguu walivyobisha, na jinsi alivyowaambia wangoje tu, wataona.

Ilikuwa Alhamisi. Kila mmoja alipaswa kuonyesha alipofika, na zamu yangu ilikuwa inafuata baada ya kijana mmoja aliyekuwa akieleza kuhusu fundi wa viatu. Sikuwa na vifaa vya masikioni; sauti za darasa zilikuwa zikitoka wazi kwenye laptopu, zikajaa sebule. Anti alikuwa ametoka kupika matanga tangu asubuhi. Aliingia na aproni yenye masizi, kitambaa cha kichwa kimelegea, mkono mmoja kikombe cha chai na mwingine sahani ya viazi vitamu. Kwa kawaida aliweka chai akaondoka. Siku hiyo, sijui ni kwa vile alijua ukurasa wake unaonyeshwa, aliinama kando yangu mbele ya kamera, uso wake ukajaa nusu ya kisanduku changu.

"Harro, mwarimu," akasema. "Hamjambo huko? Someni vizuri, watoto. Msiraze damu."

Watu walicheka. Nimekicheza kicheko kile kichwani mara nyingi mno, na leo nikiwa mtu mzima naweza kuapa hakikuwa kibaya. Walicheka kama watu wanavyocheka mtu mzima akiingia kwa furaha kwenye mambo ya vijana. Mwalimu Karanja alijibu, "Hatujambo, mama, asante." Lakini masikio yangu yalikuwa yamepata moto. Niliona kisanduku changu kidogo, masizi, kitambaa kilicholegea, na nyuma yake gunia moja nililosahau kulisogeza. Wairimu akauliza, kwa upole wake ule ule, "Nekesa, huyo ni mum?"

"Hapana," nikasema. "Ni mama wa kazi. Anatusaidia hapa nyumbani."

Ilitoka haraka na laini, kwa sauti yangu mpya, bila kosa hata kwenye herufi moja. Anti alikuwa bado ameshika sahani. Hakunitazama. Aliweka viazi mezani, akaweka chai kando yake, akaugeuza mkono wa kikombe uelekee upande wangu.

"Chai iko hapa, madam," akasema, akatoka.

Zamu yangu ilipofika niliwaambia intaneti inasumbua, ukurasa wangu haufunguki. Baada ya darasa nilikaa pale mpaka chai ikafanya utando juu. Nilimsikia nje akivunja kuni. Nilijiambia nitoke nikamwambie, na nilikuwa na maneno tayari: nilitania, niliteleza, sikumaanisha. Nilipotoka nilimkuta akipuliza moto, machozi ya moshi machoni, akaniuliza kama nataka ugali au wali. Nikasema wali. Hivyo ndivyo nilivyoomba msamaha.

Hakuwahi kulitaja. Chakula hakikupungua, wala kicheko chake, kwa wengine. Kitu kimoja tu kilibadilika: kuanzia wiki ile, siku za darasa, alipiga hodi kabla ya kuingia sebuleni kwake mwenyewe. Alibisha mara mbili, akangoja niseme karibu, akaleta chai akiwa ameinama chini ili kichwa chake kisifike kwenye kamera, mwanamke wa miaka hamsini anayetembea amekunja magoti ndani ya nyumba aliyoijenga. Niliona, na sikumwambia asimame. Nikiwa mkweli zaidi, Alhamisi ya kwanza nilipomwona akipita hivyo, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa nafuu. Aibu ilikuja baadaye, na haijaondoka.

Uongo ule ulihitaji kutunzwa. Picha ya Anti na mwiko wake haikuweza tena kuonekana darasani, kwa sababu wangeuliza ni kwa nini namtengenezea mama wa kazi ukurasa, au wangeona jina letu la ukoo ni moja. Nikamwandikia Wairimu kwamba nimebadilisha mawazo, na kama mama yake atakubali, nitatengeneza ukurasa wa duka lao. Akafurahi. Nikasafiri kwenda Kitale kupiga picha, na mama yake, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, alinikaribisha mezani kama mtoto wake. Kulikuwa na mukimo, nyama ya mbuzi na parachichi lililokatwa vipande vyembamba. Msichana wao wa kazi, Chebet, alikuwa anatoka jikoni na kurudi, na nilipochungulia nilimwona anakula wima, sahani juu ya friji.

"Huko Bungoma unapikiwa na nani?" Mama Wairimu akaniuliza.

"Kuna mama wa kazi."

"Anaitwa nani?"

"Robai," nikasema. Bila Anti. Nilikuwa sijawahi kulitamka jina hilo likiwa uchi namna hiyo, na lilisikika kama jina la mtu nisiyemjua.

"Mpe salamu zangu," akasema Mama Wairimu, akaniangalia kwa muda kidogo, kisha akanisogezea nyama. Salamu zile sikuzifikisha.

Anti aliuliza mara moja tu. Tulikuwa tukichambua maharagwe, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye gunia tupu.

"Ire kurasa yangu imefika wapi?"

"Mwalimu alikataa, Anti. Alisema tufanye maduka."

"Ah," akasema. Akatoa jiwe dogo kwenye maharagwe, akalitupa. "Sasa hao wa Chwele nitawaambia nini?" Hakuwa akiniuliza mimi. Ninavyojua, aliwaambia mtambo uliharibika.

Darasa lilimalizika kwa sherehe ndogo Kitale, kila mwanafunzi na mgeni mmoja. Nilimwambia Anti ni ya wanafunzi peke yao. Alikuwa ameshashona gauni. Sikujua mpaka siku ile asubuhi nilipoliona limening'inia mlangoni likiwa na nyuzi za fundi bado. Hakusema ni la nini. Alinifungia kuku wa kukaanga kwenye ndoo ndogo ili nimpelekee mwalimu, akanisindikiza mpaka barabarani. Ukurasa wa duka la mbegu ulisifiwa kuliko yote. Kwa sababu yake Mwalimu Karanja alinichukua nifanye naye kazi, nikarudi kuishi Kitale, na tangu wakati huo nimetengeneza kurasa za maduka ya vyuma, za kliniki, za makanisa, za mkulima wa kahawa wa Cheptais ambaye hakuwa na hakika intaneti ni nini. Wa Anti Robai sikuutengeneza. Mwanzoni nilisema sina nafasi. Baadaye nikaona kwamba kumpelekea ukurasa ule kungekuwa kumkumbusha kwa nini haukuwepo. Nikamtumia vitu vingine: blanketi, redio, viatu. Alishukuru kwa kila kimoja.

Mwaka jana alipoanza kuugua nilikwenda kumwona mara kwa mara. Mchana mmoja tulikuwa wawili tu, amelala kwenye kochi karibu na dirisha, nikamshika mkono nikasema, "Anti, kuna siku nilikukosea." Akafungua macho. Nadhani alijua ni siku gani, kwa sababu hakuuliza. Nilingoja anisaidie. Nilitaka aseme nimesahau, au ulikuwa mtoto. Akangoja na yeye. Tulikaa hivyo mpaka jirani akapiga hodi na uji, nami nikainuka haraka kumfungulia, nikishukuru moyoni kwamba nimekatizwa. Sikuanza tena.

Siku ya mazishi, baada ya zile dakika zangu tatu, nilikwenda nyuma ya nyumba walikokuwa wakipika. Mama Zipora, aliyepika na Anti kwa miaka mingi, alinipisha kwenye benchi lake. Alikuwa akisimulia habari za Anti kwa kicheko na machozi pamoja. Akasema kuna mwaka Robai aliwachekesha sana. Alianza kuwafanyisha mazoezi jikoni wakikata vitunguu. "Ati tuseme hello vizuri. Tuseme mwalimu. Yeye anasema, sisi tunarudia, kama nursery. Nikamwuliza, Robai, kwani unaenda Ulaya? Akasema hapana, ni vile kuna mtoto anasoma kwake na watu wanaingia kwa kompyuta, hataki kumharibia." Mama Zipora akapangusa macho kwa kiganja. "Alikuwa anakupenda wewe, bana."

Nilimwambia. Sijui ni kwa nini yeye na si mtu mwingine. Nilimwambia yote, hapo kwenye moshi, mpaka kwenye "madam". Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka, akaenda kukoroga sufuria iliyokuwa haihitaji kukorogwa, na hakurudi kwenye benchi.

Siku ya nne baada ya hapo nilikuwa Kitale, nimerudi kazini. Wairimu alinipigia kunipa pole. Tumebaki marafiki miaka yote hii. Siku hizi yeye ndiye anayeendesha duka la mama yake. Akasema amesikia nimempoteza shangazi, na anasikitika hakupata habari mapema aje. Nikaona kama nimeshamwambia mmoja naweza kumwambia wa pili. Nikafunga mlango wa ofisi.

"Wairimu, unakumbuka yule mama wa kazi? Wa Bungoma, aliyeingia kwa kamera?"

"Namkumbuka."

"Alikuwa yeye. Huyo ndiye shangazi yangu."

"Nekesa," akasema, "tulijua."

"Mlijua nini?"

"Wote. Mwalimu pia. Mlikuwa mmekaa kwa kisanduku kimoja, uso kando ya uso. Mnafanana sana. Hata ulipokuja kwetu, mathe alikuuliza jina lake makusudi, akifikiri labda utasema." Akavuta pumzi. "Tulingoja useme. Halafu tukaona haya kukuuliza."

Nilimshukuru kwa kupiga simu. Nilibaki nimekaa na simu mkononi, nikihesabu watu waliokuwa wameujua uongo wangu siku ile ile nilipousema: mwalimu, wenzangu kumi na mmoja, na Mama Wairimu mezani kwake. Mtu pekee katika jambo lile lote ambaye uongo wangu ulifanya kazi kwake alikuwa Anti Robai. Yeye ndiye aliyeupokea, akautii.